Mbona Mama wa Kwenye Filamu Haachi Kukohoa?

Msyuuu! Nimesonya mpaka muuza kahawa kageuka akidhani nimemsonya yeye. Wala si yeye, kahawa yake leo imekubali. Ni hiyo simu ya kijana wa bodaboda. Hapa Makanyagio, Mpanda, jioni vijana wakisubiri abiria wanaangalia tamthilia, sauti wameifungulia yote, utake usitake utasikia. Haya, hata dakika haijaisha, mlango unafunguliwa, tunaingizwa chumbani. Nani kalala mkekani, kanga kichwani, anakohoa? Mama. Hakuna aliyeuliza, wote mmeshajua. Mama wa filamu zetu akishakuwa na mtoto wa kuoa, kazi yake inakuwa ni kukohoa. Atakohoa, atamshika mwanawe mkono, atataja jina la baba halisi, atakata roho. Na tangazo la sabuni bado halijaingia!

Lahaula! Hivi nchi nzima hii mama mwenye mapafu mazima hakuna?

Akipona ndiyo balaa kabisa, maana hapo anageuka mama mkwe. Kashuka kwenye basi na kibegi chake, hajanywa hata maji, kashaanza kufunua masufuria. Mwanangu kakonda, huyu mwanamke kakulisha nini! Wiki ya pili tunamkuta usiku makaburini, kaniki kiunoni, unga usoni, anazunguka chungu. Haya tunayala tangu enzi za Kaole pale ITV. Bi Mwenda, yule Fatuma Makongoro, ni fundi. Akikutazama kwa lile jicho lake unajikuta unaomba radhi kwa kosa usilolijua. Sasa fundi wa namna hiyo, miaka yote, anapewa nini? Bibi mkorofi na bibi mchawi. Natasha naye, Suzan Lewis, aliyemzaa Monalisa kwa uchungu wake mwenyewe, ukimwona kwenye filamu unajua kaletwa awe mama wa mtu. Lawama yangu haiwafikii hao. Wao wanapika kwa unga waliopewa. Nina ugomvi na wanaoandika hadithi, wanaofika kwenye ukurasa wa mama na kalamu inasinzia.

Ukigusa Nigeria ndiyo tutakesha. Nani kati yenu hakukua akimlaani Patience Ozokwor, Mama G? Tulikuwa tunabanana kwenye banda la video, mtafsiri anatupasulia masikio, Mama G katokea na kilemba chake, banda zima linaguna. Kuna watu walimchukia kuliko walivyomchukia mwenye nyumba wao. Lakini Mama G kazaliwa mwaka 1958. Zile filamu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa na arobaini na kidogo. Arobaini na kidogo, jamani! Huo ni umri wa mtu anayejitwisha debe la karanga huku anajibizana na dalali.

Na Wahindi, hawa waliotufundisha kulia mbele za watu, walianza zamani. Mwaka 1957 walitoa Mother India. Nargis ndiye mama, nywele zimetiwa weupe, uso umechorwa mikunjo. Sunil Dutt ndiye mwanawe mtukutu. Shikeni vikombe vyenu vizuri. Nargis kazaliwa tarehe 1 Juni 1929. Sunil Dutt tarehe 6 Juni 1929. Mama kamtangulia mtoto siku tano! Mwaka uliofuata wakaoana. Halafu 1975 ikaja Deewaar, Nirupa Roy akamlilia Amitabh Bachchan kama mwanawe wa kumzaa, na kamzidi miaka kumi na moja tu. Mnaona mchezo? Mwanaume anaachwa awe staringi mpaka magoti yagome, anaruka maghorofa na kitambi chake, tunapiga makofi. Mwanamke wa rika lake wamempaka poda kichwani na kumkabidhi fimbo.

Tukakimbilie nyimbo? Huko mama ni malaika. Christian Bella na Ommy Dimpoz walituimbia Nani Kama Mama, kila harusi ya Mpanda ikalia, na mimi sitamvunjia heshima mtu aliyemwimbia mama yake. Ila sikilizeni nyimbo za mama kumi mfululizo. Mama hali ili watoto wale. Mama halali. Mama kapigika, kaomba, kasamehe. Sijasikia hata mmoja aliyejinunulia kitenge akafurahi, au aliyemcheka baba mpaka akashika mbavu. Kwenye nyimbo mama anapendwa kwa alivyoteseka, na asipoteseka mtunzi hana ubeti.

Sasa huyo mama avue mateso, apake wanja, avae gauni linalomkaa, aende harusini na miaka yake arobaini na mitano. Weee! Kesho yake kurasa za udaku zimeshamvika jina: mshangazi. Anatafuta marioo. Anawala watoto wa watu. Enzi zetu walikuwa wakiitwa Serengeti Boys hao vijana, majina yanabadilika, masimango ni yaleyale. Mzee wa miaka sitini akionekana na binti wa chuo, kijiwe hikihiki kinasema mzee bado yumo. Nimewasikia kwa masikio yangu, msijifanye mnapuliza kahawa.

Kinachonikera hasa ni kwamba sisi watu wa Katavi tungekuwa wa kwanza kusema hapana, bibi si lazima awe mzee. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta mkoa wetu unaongoza Tanzania nzima: asilimia 45 ya mabinti wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Nchi nzima ilikuwa asilimia 27. Si jambo la kujivunia, linauma. Lakini pigeni hesabu. Binti kazaa na miaka kumi na saba, bintiye naye kumi na minane. Bibi wa miaka thelathini na mitano huyo! Nendeni kliniki mtawakuta benchi moja, mama na bintiye, kila mmoja na kadi ya mtoto wake mkononi, nesi anachanganya majina. Huyo ndiye bibi wa Makanyagio. Ananyonyesha! Mwandishi wa filamu akija hapa na fimbo yake na poda yake, atampa nani?

Yupo mama mmoja anauza migebuka. Mzigo unatoka Karema, ziwani, na barabara mnaijua. Namtazama anavyofanya kazi: anashika samaki kwa mkia, anampima kwa kiganja, wa kati huku, wakubwa kule, waliovunjika vichwa anawafunika kwa wenzao halafu anajuta, anawatoa, anawauza bei ya chini. Miwani yake ya kusomea kainunua kwa machinga, kibandiko cha namba bado kiko kwenye kioo, hajakibandua. Anaandika madeni kwenye daftari la shule la mjukuu. Katikati ya hayo anabishana kuhusu Yanga, na ukibishana naye ujipange, maana anataja kikosi cha mwaka ambao wewe umeshausahau. Ana mume, wanagombana, wanataniana. Ana kesi ya shamba. Ana kikoba, na yeye ndiye anayeshika ufunguo mmoja wa sanduku. Filamu nzima hiyo imekaa sokoni inanuka samaki, na watu wanakodi kamera kwenda kumpiga picha mgonjwa mkekani!

Ila tukirudi kwa yule bibi mchawi wa filamu, kicheko nakiweka pembeni. Ukanda wetu huu wa magharibi na ule wa ziwa, bibi mwenye macho mekundu ameuawa kwa sababu ya macho. Kuni mbichi, moshi, jiko la mafiga matatu miaka hamsini, nani asingekuwa na macho mekundu? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti kwamba mwaka 2013 pekee watu 765 waliuawa kwa imani za kishirikina, na 505 kati yao walikuwa wanawake. Sisemi filamu ndiyo iliyoshika panga. Nasema yule anayetaka kutuonyesha mchawi haraka anamtia bibi wekundu machoni, na sisi tunamwelewa bila kuambiwa. Hilo la kuelewa bila kuambiwa linanitisha. Mtoto aliyekaa mbele pale bandani naye kaelewa, na nyumbani kwao ana bibi.

Na msiniambie watazamaji hawataki kingine. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio, Twende na Wakati. Mkwaju dereva wa lori, kila kituo ana mwanamke, na Tunu mkewe kaachiwa watoto. Tunu hakulala mkekani kukohoa. Alianza biashara yake, akasimama, na watu walimfuata redioni jioni kwa jioni. Kule Kenya Mama Kayai wa Vitimbi alikuwa mama mtu mzima na mdomo wake, Mzee Ojwang' anamkwepa kona hii anakutana naye kona ile, na watu wazima kwa watoto walicheka naye miaka na miaka. Nchi yenyewe hii mwezi Machi 2021 aliyeapishwa kuwa Rais alikuwa mama wa watoto wanne, miaka 61, na mpaka wazee wenye mvi wanamwita Mama. Kwenye tamthilia angepewa mkeka!

Nimelipeleka suala lenyewe sokoni, maana kijiwe kimezidi kubisha. Nikamuuliza yule mama wa migebuka: wakitengeneza filamu yako, unataka nani akuigize? Hakuinua hata uso, yuko na daftari lake.

"Aniigize nani, shemeji? Nitaigiza mwenyewe. Ila waambie walete hela kwanza, na asije mtu kuniambia nikohoe. Wewe je, wale wanne wa juzi unawalipa lini?"