Watabiri wa Kolwezi

Kila Desemba ikiyoyoma, Kolwezi, mji wa migodi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hujaa watabiri: mwaka ujao Wamarekani wanakuja, na reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, itamwaga neema. Chama gani cha Marekani kitawaleta? Hapo ndipo penye utamu.

Mwaka 2016, Obama wa Democratic akiwa Ikulu, Freeport-McMoRan ya Marekani iliwauzia Wachina hisa zake za mgodi wa Tenke Fungurume kwa dola bilioni 2.65. Desemba 2020, zamu ya Trump wa Republican, kampuni ileile ikawauzia mradi wa madini wa Kisanfu kwa dola milioni 550. Kwa mahasimu wa jadi, huo ni mshikamano wa kupigiwa mfano.

Biden, naye wa Democratic, alizuru Lobito Desemba 2024, akiwa tayari anafungasha virago.

Mchimbaji mdogo, gunia begani na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, naye ana utabiri wake: Januari, mnunuzi ataipunja mizani.