Jinsi ya Kuvusha Shida ya Nyumbani Mpakani

Mheshimiwa, hongera kwa kuapishwa. Sogeza kiti. Nchi yako ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 unasema katika ibara ya 124 kwamba amani na usalama ni sharti la maendeleo. Kwa maneno mengine, usalama wa ndani ya nchi yako na siasa yako ya nje ni jambo moja. Hilo ni kweli, na ni zuri. Mimi nitakuonyesha njia ya mkato ya kulitumia kwa faida yako mwenyewe, kama walivyokwisha kufanya wenzako.

1. Tafuta adui mwenye anwani ya ng'ambo

Huna haja ya kumbuni, yupo. Rwanda ina FDLR, Uganda ina ADF, Burundi ina RED-Tabara, Kongo ina M23. Hawa ni watu wenye silaha na damu mikononi, kwa hiyo hakuna atakayekuambia unaota. Mabomu yalilipuka Kampala tarehe 16 Novemba 2021. Tarehe 30 mwezi huohuo jeshi la Uganda lilikuwa linapiga kambi za ADF ndani ya Kongo, kwa ridhaa ya Kinshasa.

Ukishampata adui wa kweli, refusha orodha. Chini ya mwasi andika mgombea wa upinzani, halafu mwandishi wa habari, halafu kijana aliyeandamana. Wote waite vibaraka wa nje. Anayeuliza bei ya unga akishaitwa kibaraka, swali lake limekuwa siri ya ulinzi wa taifa, nawe hulazimiki kulijibu.

2. Funga mpaka

Usiogope kwamba wewe ni mwanajumuiya. Tarehe 1 Februari 2019 Rais Museveni alimkabidhi Rais Kagame uenyekiti wa Jumuiya. Mwezi huohuo haujaisha, mpaka wa Gatuna, njia kuu ya malori kati ya nchi zao, ukafungwa. Kwanza maelezo yalikuwa ujenzi. Kisha Kigali ikasema wazi: Uganda inawakamata na kuwatesa Wanyarwanda, na inawahifadhi wapinzani wetu. Kampala ikajibu kwamba Rwanda imejaza majasusi kwake. Ugomvi wa idara mbili za usalama ukaishi Gatuna hadi tarehe 31 Januari 2022.

Karibu miaka mitatu, Mheshimiwa! Itifaki ya Soko la Pamoja, inayomruhusu mwananchi kuvuka na mzigo wake, ilikuwa inatumika tangu Julai 2010, na hakuna aliyeifuta. Wafanyabiashara wadogo wa Kabale na Gicumbi walibaki na itifaki bila soko. Waliojaribu njia za panya, wengine walipigwa risasi wakafa. Hawakuwa majasusi wa mtu yeyote. Katika mambo yote ya mwongozo huu, hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu watu hao ndio Jumuiya yenyewe: walikuwa wakivuka, wakioana na wakiuziana kabla marais hawajakutana Arusha.

3. Alika jeshi bila kukubaliana litafanya nini

Hatua hii inahitaji ustadi, basi nisikilize kwa makini. Kongo ilikuwa mwanachama kamili Julai 2022. Juni mwaka huo wakuu wa nchi walikuwa wameshakubaliana jijini Nairobi kupeleka kikosi cha kanda mashariki ya Kongo. Kinshasa ilielewa kwamba kikosi kinakwenda kuwapiga M23. Makamanda walielewa kwamba kinakwenda kusimamia waasi wakirudi nyuma na kukaa katikati. Kila mmoja akatia saini uelewa wake.

Yaliyofuata usiyaonee haya, yamepangwa vizuri. Wananchi wa Goma waliandamana wakilalamika kwamba wageni wanakaa na waasi badala ya kuwafukuza. Kamanda wa kwanza, Meja Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, aliacha kazi Aprili 2023, akieleza kwamba usalama wake umetishiwa. Kinshasa ikakataa kuongeza muda, na Desemba kikosi kikaondoka.

Sasa njia ya mkato: uwe mwanachama wa jumuiya mbili. Moja ikikukatalia, piga hodi kwa ya pili. Tarehe 15 Desemba 2023, wa Afrika Mashariki wakiwa bado wanafunga mizigo, wanajeshi wa SADC, jumuiya ya Kusini mwa Afrika ambayo Kongo pia ni mwanachama, walianza kuingia: Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Umeiona Tanzania? Nayo iko kote kuwili.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23. Afrika Kusini ilipoteza wanajeshi 14, na Malawi na Tanzania nazo zilizika vijana wao. Mwezi Machi SADC ilifuta operesheni. Wanajeshi walirudi kwa barabara kupitia Rwanda, nchi ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kwa mara kwamba inawaunga mkono M23, na ambayo yenyewe imekana. Wazazi wa vijana hao wana haki ya kuuliza watoto wao walitumwa kufanya nini. Ukifuata mwongozo huu vizuri, hutakuwa na jibu la kuwapa.

4. Itisha kikao

Uamuzi wa wakuu wa nchi za Afrika Mashariki hupatikana kwa maafikiano. Hii ni zawadi. Anayetuhumiwa akiwa mezani, tamko haliwezi kumtaja mpaka yeye mwenyewe akubali kutajwa. Tarehe 8 Februari 2025 jumuiya zote mbili zilikutana Dar es Salaam, zikataka mapigano yakome mara moja na wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Wiki iliyofuata M23 waliingia Bukavu.

5. Mahali pa haraka, fanya haraka

Usidhani Jumuiya haiwezi kwenda mbio. Kizza Besigye, mpinzani wa miaka mingi wa Museveni, alitoweka Nairobi tarehe 16 Novemba 2024. Tarehe 20 alikuwa kizimbani katika mahakama ya kijeshi Kampala. Siku nne! Hakuna kikao cha Arusha, wala kesi mbele ya hakimu wa Kenya ya kuamua kama apelekwe. Mei 2025 wanaharakati wawili, Mkenya na Mganda, walikwenda Dar es Salaam kwa ajili ya kesi ya mpinzani Tundu Lissu, wakakamatwa. Siku chache baadaye mmoja alipatikana Ukunda, Kenya, mwingine Mutukula, kwenye mpaka wa Uganda, na wote wawili walieleza kwamba waliteswa. Mfanyabiashara wa Gatuna alisubiri karibu miaka mitatu.

6. Jihadhari na mahakama ya Arusha

Hapa pana hatari, nami sitakuficha. Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mwananchi wa kawaida kuishtaki serikali yako moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Novemba 2005 askari waliizingira Mahakama Kuu ya Kampala ili washtakiwa waliopewa dhamana wasiende nyumbani. James Katabazi na washtakiwa wenzake walipeleka kesi Arusha. Mwaka 2007 majaji walikiri kwamba hawajapewa mamlaka ya haki za binadamu, kisha wakasema hilo haliwazuii kulinda utawala wa sheria, na wakaihukumu Uganda. Ndiyo maana itifaki ya kuwapa mamlaka hayo imeachwa kabatini hadi leo. Nawe iache hapohapo.

Lakini soma aya ya pili ya ibara hiyohiyo. Mlalamikaji ana miezi miwili tu tangu jambo litendeke au alijue, na majaji huihesabu kwa ukali. Basi ukimkamata mtu, usimpe simu, usimpe wakili, wala usiwaambie ndugu zake yuko kituo gani. Kisha chukua kalenda uanze kuhesabu.