Acheni Nilisifu Faili la Usalama

Washairi wetu wamesifu mengi. Wamesifu jahazi, wamesifu mnazi tangu mizizi hadi kilele, wamesifu embe dodo na harufu ya karafuu. Faili la usalama la saiti ya ujenzi halijapata hata ubeti mmoja. Kwa kuwa mimi si mshairi, nitalisifu kwa maneno ya kawaida, na anayeona limeonewa kwa kukosa vina aniongezee.

Nalisema lile faili nene lenye mkono wa chuma ndani, linalokaa kwenye kontena la ofisi ya saiti, juu ya kabati, chini ya helmeti ya mgeni. Ndani yake mna tathmini za hatari, maelezo ya jinsi kazi itakavyofanyika hatua kwa hatua, vibali vya kazi, vyeti vya mikanda na winchi, na orodha za saini. Bila hilo mkandarasi wa umeme hafungi trei hata moja ya nyaya, na fundi wa viyoyozi haning'inizi dakti hata futi moja. Ghorofa la Upanga linaweza kuwa limekwisha kusimama, vioo vinang'aa, lifti imeshawasili bandarini, na bado konsalta akashuka garini na kuuliza kwanza: faili liko wapi?

Mafundi hulitukana. Husema ni makaratasi ya kutafutia ulaji, ni kuchelewesha kazi, ni ofisa usalama kujipa umuhimu. Hawajakaa wakazifikiria fadhila zake. Jua la Februari likichachamaa na feni ya ofisi ikakosa umeme, tathmini ya hatari ya kazi za juu ikichomolewa hupepea vizuri kuliko gazeti. Nimeona pia karatasi zake zikipokea chapati mbili za mama lishe bila mafuta kupenya upande wa pili. Wenye steshenari wa Posta nao wanalijua: kopi nne, zote za rangi, zipigwe spairo, zote ziwe tayari kabla ya saa nne.

Lakini hizo ni fadhila ndogo. Kubwa ni kwamba limetembea. Faili letu limezaliwa Uingereza chini ya sheria yao ya afya na usalama kazini ya mwaka 1974, likakulia kwenye maghorofa ya Dubai, kisha likaingia Dar es Salaam ndani ya flashi ya injinia aliyemaliza mkataba wake. Safari yote hiyo halikubadili nguo. Nimesoma moja, la kazi ya kubadilisha chilla juu ya paa hapa hapa mjini, lililowaagiza mafundi wamwage chumvi kwenye ngazi pindi theluji inapoganda. Na kweli, tangu mradi uanze hadi unakabidhiwa, hakuna fundi aliyeteleza kwenye theluji. Hata mmoja! Nitajie hatari nyingine iliyodhibitiwa namna hiyo. Faili hilohilo lilinukuu kanuni za ujenzi za Uingereza za mwaka 2015, lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania, Namba 5 ya mwaka 2003, halikuigusa hata kwa bahati mbaya, ingawa hiyo ndiyo atakayokuja nayo mkaguzi wa OSHA getini. Wenye wivu wataita huko ni kunakili. Mimi naita ni adabu kwa wakubwa: aliyeandika mwanzo alishafikiri, nasi tumemwachia kazi hiyo.

Ukitaka kushangaa, tazama hesabu zake. Kila hatari hupewa alama mbili, moja ya uwezekano wa kutokea na nyingine ya ukubwa wa madhara, kila moja kuanzia 1 hadi 5, kisha zinazidishwa. Chukua fundi anayefunga mabano ya bomba la maji ya kupooza kwenye ghorofa ya nane, ukingoni mwa shimo la lifti. Uwezekano 4, madhara 5, jibu 20. Kisanduku kinageuka chekundu. Kwa 20 konsalta hasaini. Basi mwandishi anahamia safu inayofuata, anaandika, "Fundi awe mwangalifu na avae helmeti wakati wote," na papo hapo 20 inakuwa 4. Kijani kibichi. Uwezekano 2, madhara 2. Yaani mtu akidondoka ghorofa nane akiwa na kofia ya plastiki, ataumia kidogo tu.

Shimo lenyewe bado liko wazi. Halijawekewa ubao wala uzio, maana mbao zinahitaji fedha na helmeti ziko stoo tayari. Fani ya usalama popote inapofundishwa huanza kwa kutaka hatari yenyewe iondolewe. Ikishindikana izibwe au izungushiwe uzio. Vifaa vya kuvaa mwilini ndio mwisho kabisa, baada ya mengine yote kugoma. Faili letu lina busara ya kuanzia mwisho ili lifike mapema. Na mwenye mradi hawezi kulalamika, kwa sababu kwenye jedwali la gharama usalama wote aliupa mstari mmoja katika kazi za awali, ulioandikwa "jumla", na mzabuni aliyeshinda ni yule aliyeujaza tarakimu ndogo kuliko wenzake.

Halafu kuna saini. Saa moja na nusu asubuhi, kabla ya vifaa kutoka stoo, watu hukusanywa. Ofisa usalama husoma kwa Kiingereza kuhusu kazi za juu, umeme na unyanyuaji wa mizigo. Mafundi waliodamka saa kumi Mbagala na Gongo la Mboto kuwahi daladala humsikiliza kwa heshima ileile wanayompa padri anayesoma Kilatini. Kisha karatasi inazunguka. Faili halikudhalilishi kwa kukuuliza kama umeelewa. Linauliza kama umesaini. Na kwa umoja halina mfano: unaweza kukuta majina ya gengi zima, peni moja, mwandiko mmoja, mkia wa kila saini umepinda upande uleule. Yumo hata aliyekuwa msibani Morogoro siku hiyo.

Sifa ya kutoa ajira nayo nisiisahau. Kibali cha kuchomelea hudai awepo mtu wa kulinda moto, mwenye mtungi wa kuzimia, abaki pale saa nzima baada ya fundi kufunga gesi, kwa sababu cheche iliyojificha kwenye sponji ya dakti huweza kuamka watu wakiwa wameshakwenda kula. Katika faili mlinzi huyo yupo, ana jina, ana muda wa kuanza na wa kumaliza. Saiti sijapata kumwona. Nahisi ni mtu mwenye haya.

Pamoja na fadhila zote hizo, faili lina tabia moja mbaya, nami siwezi kuificha. Mara mojamoja hufanya kazi.

Niliishuhudia tabia hiyo kwenye chumba cha umeme cha jengo moja la ofisi, ambako breka kwenye swichibodi kuu ilikuwa ibadilishwe. Kibali kilijazwa vizuri: zima swichi ya umeme wa TANESCO, ifunge kwa kufuli, ning'iniza kibao cha onyo, pima, anza kazi. Ofisa usalama, kijana mwenye reflekta mpya, akampa fundi mkuu asaini. Mzee yule, mwenye mvi hadi kwenye nyusi, hakusaini. Alivaa miwani akaanza kukisoma kibali kwa kidole.

"Mwanangu," akasema, "na jenereta?"

"Jenereta imezimwa, mzee."

"Imezimwa, au inasubiri?"

Kijana akanyamaza. Jengo lile, kama majengo mengi ya biashara mjini, lina swichi inayobadilisha umeme yenyewe. TANESCO wakikata, inahisi, inaamsha jenereta, na baada ya sekunde chache mabamba yaleyale ya shaba yanapata moto tena, volti 400 kati ya fezi na fezi. Kwa hiyo aliyeandika "zima swichi ya TANESCO" na kuishia hapo alikuwa, kwa lugha ya mashine, ameandika mwaliko. Fundi angezima, jenereta ingeona kiza, ingekuja kusaidia, na mkono wa mtu ungekuwa ndani ya swichibodi. Na umeme wa kumdhuru mtu hauhitaji kuwa mwingi: kifaa cha kulinda watu huwekwa kikate umeme unaovuja ukifika miliampia 30, chini ya moja ya nane ya umeme unaopita kwenye balbu ya kizamani ya wati 60. Kwenye swichibodi kuu mtu hategemei hata kifaa hicho.

Mzee akaomba peni. Akaandika pembeni, kwa Kiswahili, herufi zikiinama: jenereta iwekwe kwenye sifuri, waya wa betri yake utolewe, ifungwe kufuli ya pili. Betri za akiba za chumba cha seva nazo zitenganishwe. Kapasita za swichibodi zisiguswe hadi zimetolewa chaji na kupimwa, kwa sababu hubaki na umeme hata baada ya kila kitu kuzimwa. Kipimio kijaribiwe kwanza mahali penye umeme, ndipo kipime pasipo na umeme, kisha kirudishwe tena penye umeme, maana kipimio kibovu husema kila kitu ni salama. Ufunguo wa kila kufuli uwe mfukoni mwa yule ambaye mkono wake uko ndani, usiwe ofisini na wala usiwe kwa foromani.

Hasara yake ilikuwa kubwa. Kazi ilichelewa karibu saa mbili. Wapangaji walipiga simu, meneja wa jengo alinuna, kijana wa reflekta alitoka jasho. Na yote hayo kwa kosa moja tu la karatasi kusomwa na mtu anayejua kazi.

Anayetaka kuona faili linavyokaa likiachwa kwa amani atazame walikotoka hawa waliotuletea theluji. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye mtambo wa mafuta na gesi wa Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilikuwa imetolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo, na uwazi wake umefunikwa kwa bamba. Kibali kilichohusu vali hiyo kilikuwepo. Zamu ya usiku haikujua habari zake. Pampu ya pili iliposimama, wakaiwasha ya kwanza, gesi ikavuja, ukatokea mlipuko, na walikufa watu 167. Ripoti ya uchunguzi ya Jaji Cullen ya mwaka 1990 ilitoa mapendekezo 106, na utaratibu wa vibali ulilaumiwa vikali ndani yake. Kwa kipimo cha konsalta wetu, anayehesabu karatasi na mihuri, pasingekuwa na la kuuliza.

Basi wewe uliyepewa zabuni juzi na unatakiwa uwe na faili mezani Jumatatu, mimi ni nani nikukataze kunakili. Nakili. Ila kabla hujalipeleka steshenari, mtafute fundi atakayeingiza mkono wake ndani ya hiyo swichibodi, mkalishe kwenye kiti, msimulie kwa Kiswahili unachotaka afanye, kisha mwachie peni na uondoke chumbani. Akikuchelewesha saa mbili, mwambie meneja wa jengo lawama anipe mimi.