Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri Mwenye Dhamana ya Kazi

YAH: OMBI KUHUSU LIKIZO ZA WAFANYAKAZI KATIKA BIASHARA NDOGO

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naomba kwanza radhi kwa kukuchukulia muda wako, nikijua kwamba mezani pako yapo mambo mazito ya Taifa zima. Mimi ni mwananchi wa kawaida, mwenye karakana ya kushona sare za shule mjini Morogoro, nikiwa na mafundi sita. Nisingethubutu kukuandikia kama jambo hili lingenihusu peke yangu. Linawahusu pia wenye saluni, migahawa, gereji na maduka ya dawa. Mahali ambapo hakuna ofisa utumishi, na mwenye biashara ndiye mhasibu, ndiye msimamizi, na ndiye anayeombwa ruhusa mfanyakazi anapofiwa.

Mheshimiwa, naomba nieleweke mapema: sikuja kuomba tupunguziwe wajibu. Wapo wenzangu, nao nawaheshimu sana, wanaosema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliandikwa kwa ajili ya viwanda na benki, hivyo sisi wadogo tuachwe. Kwa unyenyekevu naomba kutofautiana nao. Fundi anayeinamia cherehani uani kwangu anachoka sawa na yule wa kiwandani.

Niruhusu nikueleze kidogo kazi yetu. Fundi mkataji hutandika kitambaa cha kaki tabaka juu ya tabaka, akachora kwa chaki tabaka la juu, kisha akakata yote kwa mkupuo mmoja. Mkono ukiteleza kwa uchovu, haiharibiki kaptula moja. Zinaharibika zote zilizo chini yake. Na msimu wetu ni Desemba hadi shule zinapofunguliwa Januari, mafundi wanapokesha. Aliyeuingia msimu huo bila kupumzika mwaka mzima utamjua: macho mekundu, mkono unashika kiuno kila anaposimama, na sindano inamchoma kidole mahali ambapo siku zote hushona bila hata kutazama.

Hata hivyo, Mheshimiwa, mitaani kwetu likizo huuzwa. Fundi hupewa fedha kidogo aendelee na kazi, mwaka ukapita, ukaja mwingine. Siku wanapoachana kwa ugomvi, madai ya likizo yanaibuka mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwenye karakana hana hata karatasi moja ya kuonyesha. Mara nyingi chanzo si roho mbaya. Ni kutojua.

Na kinachosikitisha ni kwamba sheria hiyo inayoogopwa imetufikiria na sisi. Inampa mfanyakazi siku zisizopungua 28 mfululizo za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa miezi 12, sikukuu zikiwamo humo humo. Lakini inamwachia mwajiri kupanga ni lini, mradi isipite miezi 6 baada ya mzunguko kwisha. Na mfanyakazi akiridhia, kazi nayo ikilazimu, hadi miezi 12. Kwa karakana ya sare maana yake ni kwamba hakuna anayelazimika kubaki bila fundi mwezi Januari. Februari oda zikishapungua, tunafungua kaunta buku, kila fundi anataja wiki anazozitaka mbele ya wenzake, na mwenye shida ya pekee anapewa nafasi ya kwanza. Wanaondoka wawili wawili kwa zamu tatu. Mei wote wamerudi, tayari kwa oda za shule zinazofunguliwa Julai. Mshahara wa likizo hulipwa kabla fundi hajaondoka, kama sheria inavyotaka, naye anapata nauli ya kwenda kuwaona wazazi.

Zipo likizo ambazo hazipangiki. Ugonjwa una siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mama aliyejifungua ana siku 84, au 100 akijaliwa zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Sitakuficha, Mheshimiwa, kwamba hizi hutubana. Tunachoweza ni kuhakikisha kila fundi anajua kazi mbili, anayepiga oveloki ajue na kukata, ili asiyekuwepo auguzwe au anyonyeshe kwa amani bila kupigiwa simu kila saa.

Baada ya maelezo hayo, naleta kwako maombi mawili, nikiyaweka chini ya busara yako. La kwanza: kila mwenye biashara anapokwenda halmashauri kukata au kuhuisha leseni, akabidhiwe karatasi moja ya Kiswahili chepesi yenye siku hizo zote na fomu ya kupangia likizo. Mwaka 2021 Bunge letu tukufu liliamua Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Tunaomba neema hiyo ifike hadi kwenye ukuta wa karakana. La pili: Maofisa Kazi wanapotutembelea kwa mara ya kwanza, waje kutufundisha. Adhabu imsubiri yule aliyeelekezwa akakaidi.

Mheshimiwa Waziri, mafundi wetu hawana chama kikubwa cha kuwasemea, na wengi wao hawajawahi kusikia kwamba siku 28 ni haki yao wala si hisani ya bosi. Kwa heshima zote nakuomba, karatasi hiyo itufikie kabla ya msimu wa Desemba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye karakana ya sare za shule,
Morogoro