Shikamoo, Kodi ya Jengo

Watu wa Pwani tumefundishwa kumsifu mgeni hata kama anakula kuliko wenyeji. Basi leo nimsifu mgeni wangu, kodi ya jengo ya Texas, aliyefika kwangu pembezoni mwa Houston kabla sijamaliza kufungua makasha, na ambaye mpaka sasa sijaona dalili kwamba ataaga.

Tulihamia huku kutoka California, tulikokuwa wapangaji kwa miaka tisa. Karatasi yangu ya kwanza ya mshahara niliikagua mara mbili: safu ya kodi ya jimbo haikuwapo. Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, na mwaka 2019 wapigakura waliipiga marufuku ndani ya katiba kabisa. Nikampigia simu kaka mmoja wa Tanga aliyetutangulia huku, nikamwambia tumechelewa kuhamia peponi. Akacheka taratibu.

“Mdogo wangu,” akasema, “huku hawakuvizii kwenye mshahara. Huku wanakufuata nyumbani.”

Sikumwelewa, kwa sababu mgeni wangu ana subira. Thamani ya nyumba huku huhesabiwa kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari. Siku hiyo, mwaka tulionunua, nyumba yetu ilikuwa kiwanja cha udongo mweusi chenye vijiti vinne vya kupimia. Bili ikaja ya kiwanja: dola 1,300. Nikaibandika kwenye friji. Wageni waliokuja kula pilau niliwaonyesha, nikawaeleza kwamba wanaolilia kodi za Texas ni watu wasiojua kupanga mambo yao. Mke wangu alinitazama tu, mwiko mkononi.

Tarehe 1 Januari iliyofuata kiwanja kilikuwa na kuta, paa, na sisi ndani yake. Kikathaminiwa dola 340,000. Viwango vyote vya mtaa wetu vikijumlishwa vinafika asilimia 2.6, kwa hiyo bili ikasoma dola 8,840. Kuna punguzo kwa mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe, ambalo kwa kodi ya shule peke yake lilipandishwa mwaka 2023 hadi kuondoa dola 100,000 kwenye thamani ya nyumba. Sikulipata. Fomu yake ilikuja kwa posta nami nikaitupa nikidhani ni ya matapeli, maana barua za matapeli huja na mihuri mizuri kuliko za serikali.

Benki iliyotukopesha ndiyo inayolipa kodi hiyo kwa niaba yetu, kutoka kwenye akaunti iitwayo eskro ambayo sisi tunaijaza kila mwezi pamoja na rejesho la mkopo. Mwaka mzima ilikuwa ikitukata kwa hesabu ya kiwanja kitupu. Sasa ilitaka pengo la mwaka uliopita na kodi kamili ya mwaka unaokuja, kwa mpigo. Rejesho likapanda kwa zaidi ya dola 1,200 kwa mwezi. Dada aliyepokea simu yangu alinieleza hesabu kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba, halafu akaniuliza kama kuna jambo jingine analoweza kunisaidia siku hiyo.

Nikampigia mama Tanga, nipate walau mtu wa kunihurumia. Nikamkuta na kilio chake. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo Tanzania hukatwa unaponunua umeme wa LUKU. Kwa nyumba ya kawaida kama yake ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500.

“Nimenunua umeme wa elfu tano, wameramba elfu na mia tano yao,” akasema. “Sasa mimi nitawasha nini?”

Nikamtajia yangu kwa shilingi: zaidi ya milioni ishirini kwa mwaka. Simu ikanyamaza nikadhani salio limekwisha.

“Mwanangu, hiyo nyumba si mlisema mmenunua?”

“Tumenunua, mama.”

“Sasa huyo unayemlipa ni nani?”

Ni nani? Nilipotulia nikaisoma bili mstari kwa mstari, na hapo ndipo heshima ilipoanza. Mgeni wangu hakuja peke yake, alikuja na ukoo. Kuna kaunti. Kuna hospitali za umma. Kuna chuo cha jamii na kikosi cha zimamoto. Kuna wilaya ya maji ya mtaa wetu, iliyokopa fedha za kutandaza mabomba na mitaro kabla hatujafika, na deni lake tunalilipa sisi tunaovuta maji chooni. Kuna hata bandari! Bandari ya Tanga nimeogelea pembeni yake utoto wote bila kutoa senti. Bandari ya Houston sijawahi hata kuiona, lakini naichangia kila mwaka, kiasi kidogo, kama mjomba wa mbali anayetajwa kwenye kadi ya harusi.

Kiti cha mbele ameketi shule. Ndiyo inayokula fungu kubwa kuliko wote, na sina neno baya juu yake, kwa sababu basi lake la manjano linasimama mbele ya mlango wangu kila asubuhi na binti yangu anapanda bila nauli. Ingawa jimbo hili lina namna yake ya kupenda shule. Mji wa Allen, karibu na Dallas, ulifungua mwaka 2012 uwanja wa mpira wa Kimarekani wa shule ya sekondari, watu 18,000, dola milioni 60. Mwaka 2014 ukafungwa kwa sababu saruji ilikuwa na nyufa. Sisi tuliokulia jirani na uwanja wa Mkwakwani, tukitazama mechi kutoka juu ya miti, tunaheshimu taifa linalompa mwanafunzi wa kidato cha nne jukwaa la namna hiyo.

Mstari wa kuzuia mafuriko siufanyii utani. Kimbunga Harvey kilipita hapa Agosti 2017, na mwaka mmoja baadaye wapigakura wa kaunti waliidhinisha kukopa dola bilioni 2.5 kwa ajili ya mitaro na mabwawa. Wenzangu kadhaa wa kazini walitolewa nyumbani kwao kwa mashua. Wao mstari huo hawausomi kwa sauti.

Kodi hii, tena, ni mkongwe anayestahili shikamoo. Wajerumani waliipeleka kwetu mwaka 1898, rupia tatu kwa kibanda, na Waingereza waliowafuata hawakuona sababu ya kuifuta. Kwao Uingereza walikuwa wameshatoza madirisha, kuanzia 1696 hadi 1851, na watu wakaziba madirisha kwa matofali. Nilipolisoma hilo zamani niliwacheka. Siwacheki tena.

Na ni mwaminifu. Mkopo wangu utakwisha baada ya miaka thelathini. Benki itanitumia barua ya pongezi na hatutaonana tena. Yeye atabaki. Nikifika miaka 65 hata ataonyesha adabu, kwa sababu sheria ya huku huigandisha kodi ya shule ya mwenye mvi isizidi kupanda. California nako wana ustaarabu wao: mwaka 1978 walipitisha sheria inayoizuia thamani ya kodi isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe, ndiyo maana bibi mwenye nyumba wetu, aliyenunua ujanani, alikuwa akilipa kodi ambayo ungedhani ni bili ya maji. Jirani yake aliyenunua juzi alilipia nyumba kama hiyo mara kadhaa zaidi. Texas haina upendeleo mkubwa kiasi hicho kwa wakongwe wa mtaa. Hapa tunalia pamoja.

Lakini sifa yake kubwa ni jicho lake. Mama mkwe wangu alipokuja alisema vyumba ni vidogo. Rafiki zangu walisema ni mbali na mji. Ni mgeni wangu peke yake ambaye kila Aprili huniandikia barua kuniambia kwamba nyumba yangu imezidi kupendeza. Hajawahi kuingia ndani. Ameiona kutoka angani na kwenye kompyuta, akalinganisha na za jirani, akaridhika. Sheria inamzuia asiipandishe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka baada ya kupata lile punguzo. Yaani hata mapenzi yake yamebidi yawekewe kikomo.

Mapenzi hayo unaruhusiwa kuyakataa. Kwa kawaida mwisho wa kupeleka pingamizi ni tarehe 15 Mei. Nami nilipeleka, nikapangiwa siku ya kusikilizwa, nikaenda na bahasha ya picha.

Hapa lazima nieleze habari ya ziwa. Wakati tunanunua, dalali alituonyesha kiwanja chetu akasema kina mandhari ya ziwa, na kwa ajili ya ziwa hilo tuliongeza dola 12,000. Mama nilimwambia tunakaa ziwani. Picha za ziwa nilizituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, jua likizama.

Walikuwa watatu mezani, wananchi wa kawaida, wazee wawili na bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Wakaniapisha. Nikainua mkono wa kulia, na kwa mara ya kwanza tangu tuinunue nyumba ile nikaisema ilivyo. Nikasema nyuma ya uzio kuna shimo la kukusanyia maji ya mvua, lina bata wawili na mbu wasio na idadi. Nikasema nguzo za umeme mkubwa ziko hatua sitini kutoka dirisha la chumbani na zinavuma kukiwa na manyunyu. Nikawaonyesha ufa juu ya mlango wa jikoni, maana udongo wa huku huvimba mvua ikinyesha na husinyaa jua likiwaka, na nyumba hufuata udongo. Nikaeleza malori ya usiku. Nilikuwa nakwenda vizuri sana. Nadhani hata fundi aliyeijenga angenihurumia.

Yule bibi akaishusha miwani.

“Lakini unapenda kuishi pale?”

Nikafungua mdomo, nikakumbuka kiapo.

“Napenda, mama.”

Akaandika kitu. Wakanong'onezana, wakanipunguzia dola 14,000 za thamani. Kwa asilimia 2.6 hiyo ni dola 364 kwa mwaka, nami kwa kwenda pale nilikuwa nimekosa siku moja ya kazi.

Jumamosi ileile tulikuwa na wageni kutoka Dallas. Baada ya chakula niliwapeleka uani na glasi za juisi ya ukwaju, nikawaonyesha ziwa.

Mmoja wao akasema panafaa banda la kivuli, na mke wangu akalishika neno hilo. Wiki nzima alikuwa anapima uani kwa hatua. Nimemweleza kwamba banda linaonekana kutoka angani, vigae vya jikoni havionekani, kwa hiyo kama ni lazima fedha itumike basi tubadilishe vigae. Fundi ni Mkongo wa Goma, mtu makini, anakuja Jumapili. Nimemwomba aegeshe gari lake mtaa wa pili.