Ingia Tu, Mwanangu

Katika nchi hii ukitaka kujifunza Kiingereza, vitabu vimepangwa chini kila kituo cha basi. Ukitaka kompyuta, bango liko kwenye nguzo ya umeme, jirani na la mganga. Lakini jaribu kutaka kujifunza kupiga ngoma, ngoma hii hii tunayojisifia kila mgeni wa taifa anaposhuka kwenye ndege. Utahangaika mpaka uchakae.

Mimi ni mtu mzima mwenye kitambi na mkopo wa benki. Sitaki jukwaa. Nataka tu siku ya harusi ya mpwa wangu nisikae kwenye kiti cha plastiki kama mgeni rasmi anayesubiri kuitwa.

Nilianzia kwenye simu. Video za wanaoanza ni tele, ila karibu zote nilizozikuta ni za djembe, ngoma ya Guinea na Mali. Ngoma nzuri, sina ugomvi nayo, lakini huku pwani nataka ngoma zetu za chapuo na vumi, na kwenye muziki wa kidumbak wa Unguja nitakuta dumbak, fidla, sanduku na cherewa. Halafu bwana wa kwenye video anatangaza kwamba sasa anapiga polepole, na hapo hapo mikono yake inapotea machoni. Ukianza kumwelewa kidogo, somo la bure limekwisha: lipia kozi, na ununue ngoma anayouza yeye. Wahenga walishamaliza: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Hata hivyo wenzetu tuwape haki yao, wanajua kumwekea mwanafunzi kitu mdomoni. Babatunde Olatunji, Mnigeria aliyefundisha Marekani, alitumia silabi: gun na dun ni mlio mzito wa katikati ya ngozi, go na do ni wa ukingoni, pa na ta ni kofi. Waarabu nao wana dum na tak, ndiyo maana pigo la maqsum unaweza kulifanyia mazoezi ndani ya daladala: dum tak, tak dum, tak. Abiria watasogea mbali nawe, lakini utashuka unalijua. Kijitabu chenye silabi kama hizo za chapuo nimekitafuta madukani mpaka wauzaji wakaanza kunionea huruma.

Basi nikamwendea fundi, mzee ambaye akigusa ngozi hata kuku wanasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, ingia."

Nikamuuliza moja, yaani pigo la kuanzia, iko wapi, maana mkono mmoja ulikuwa unakwenda kwa mbili na mwingine kwa tatu, yote kwa wakati mmoja.

"Moja ya nini? Ingia tu, mwanangu."

Niingie wapi? Hata daladala lililo kwenye mwendo, konda hukuvuta mkono. Nikamwomba apige polepole. Alijaribu, mzee wa watu, akacheka, akasema pigo likienda taratibu hivyo hata yeye linampotea. Pembeni mjukuu wake, embe mdomoni, alikuwa anapiga pigo lile lile kwenye dumu la maji, bila kasoro hata moja.

Siri yote ni yule mtoto. Somo la ngoma zetu lipo, ila linaitwa utoto. Wanawake wa Kigogo wanaopiga muheme, ngoma wakiwa wameibana mapajani, hawakupewa kijitabu. Walikua wakiwatazama mama zao. Utaratibu mzuri kabisa kwa aliyeuwahi. Mimi nilikulia nyumba ya kupanga ambako mama mwenye nyumba alikataza hata redio. Nirudi tumboni?

"Nenda chuo," wananiambia. Vyuo vipo, wala sibishi. Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Mji Mkongwe wa Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, inayofundisha taarab na ngoma tangu 2002. Lakini nani atamweleza bosi wangu kwamba naomba likizo nikasomee chapuo?

Kwa hiyo mazoezi nafanyia kwenye mto wa kochi. Ngoma ninayo, ya duka la watalii, imechorwa twiga pande zote, lakini mvua ikinyesha ngozi inalegea na mlio unakuwa wa boksi la viatu. Fundi anasema niwashe makuti niikaushe motoni. Ghorofa ya tatu, makuti! Jirani wa chini akisikia harufu ya moshi ataita zimamoto, na akisikia ngoma ataita mjumbe.

Sasa sikieni, ninyi mnaojua. Hatuwadai studio wala mwanga wa sinema. Shikeni simu, pigeni chapuo peke yake dakika mbili, halafu vumi peke yake, halafu zote pamoja. Semeni pigo hilo linaitwaje na huchezwa wapi. Mkitaka pesa, tuuzieni kwa bei ya chipsi mayai, tutanunua. Na wenye vikundi, mtu mzima akija mazoezini mpeni cherewa atikise pembeni, msimfukuze wala msimwambie aingie tu. Halafu jambo moja la mwisho: mkisema polepole, iwe polepole.