Wati 22 Sebuleni

Amplifaya ilifika kwetu Sinza kwa njia ya kontena, imefungwa blanketi na kubanwa katikati ya matairi ya gari la mtu mwingine. Shemeji yangu anayeishi Houston ndiye aliyeituma. Nyeusi, kilo kama ishirini hivi, mbele ina kitambaa cha kumetameta, nyuma iko wazi, na ndani vinaning'inia vichupa vya kioo vilivyopangwa mstari. Baba Watoto aliuzunguka mzigo ule mikono ikiwa nyuma, hakugusa kitu, kisha akasema, "Mama Watoto, hii ni ya vali. Siyo hizi za siku hizi."

Mimi niliuliza wati. Anayenunua umeme wa LUKU ni mimi, kwa hiyo swali lilikuwa halali. Akasema 22. Nikafurahi, maana taa yetu ya zamani ya uani peke yake ilikuwa ya wati 60. Baadaye ndipo nilipojua kwamba 22 ni zile zinazotoka kwenye spika tu. Ukutani inakula zaidi ya mia, na sehemu kubwa inaishia kuwa joto. Na hizo 22 zenyewe si haba. Spika ya gitaa ya inchi 12 ikipewa wati moja tu, jirani anajua ni wimbo gani unapigwa na ni wapi umekosewa.

Mchana Baba Watoto ni mtu wa mahesabu ofisini. Wikiendi anapiga solo la pili kwenye bendi ya dansi, na gitaa lake ni la siku nyingi, la pikapu za koili moja. Kwa miaka yote alikuwa akitumia amplifaya ya bendi. Sasa alikuwa na ya kwake, na sebule ni moja.

Tatizo la kwanza lilikuwa plagi. Ilikuwa na meno bapa ya Kimarekani, na soketi zetu ni za Kiingereza. Baba Watoto akatafuta adapta, akachomeka, akabonyeza swichi. Adapta inabadilisha umbo la plagi, haibadilishi umeme. Kule volti 120, huku 230. Ikasikika "ti!" basi. Fyuzi ilijitoa mhanga. Kikaratasi cha shemeji kilichoandikwa USICHOMEKE MOJA KWA MOJA tulikikuta baadaye kwenye mkunjo wa blanketi, wakati nalifua.

Tukaipeleka Kariakoo kwa fundi mzee wa redio. Alipofungua bati la nyuma, kabla hajagusa kitu, alitumbukiza mkono wa kushoto mfukoni na kuuacha humo. Akafanya kazi yote kwa mkono mmoja. Nikamuuliza kulikoni.

"Mama, humu mna volti zaidi ya mia nne, na hata ukichomoa plagi, kapasita zinaweza kuendelea kuzishika. Umeme ukiingia mkono huu na kutokea mkono ule, umepita kwenye moyo."

Baba Watoto, ambaye asubuhi ile alikuwa ameingiza bisibisi humo "kuangalia tu", alinyamaza njia nzima ya kurudi.

Vali zilikuwa nzima. Fundi akabadili fyuzi, akatuelekeza duka la kununua transfoma ya kushusha umeme: boksi la chuma, zito, lenye mpini. Soketi iliyo wazi ilikuwa nyuma ya kochi, kwa hiyo boksi likaingia chini ya kochi. Msomaji alikumbuke boksi hilo. Sisi tulilisahau.

Jioni ile Baba Watoto akawasha tena. Kimya. Akapiga uzi. Kimya. Akaanza kutoka jasho. Mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi, hata hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua. "Subiri ipate moto, mwanangu. Redio ya mbao ya babu yako ilikuwa hivyo hivyo. Unawasha, unakwenda kuosha miguu, ukirudi inasema." Kweli, baada ya nusu dakika hivi vichupa vikawa vyekundu ndani na sauti ikaja. Nikiri tu: ilikuwa sauti nzuri, nene na yenye kung'aa kwa wakati mmoja, na ukipiga kwa nguvu ilikuwa inakujibu.

Tatizo ni kwamba chini ya sauti ile kulikuwa na mvumo. Mmmmm, hauishi.

Sasa nieleze nilivyokuja kuelewa, kwa sababu nimeusikia mvumo ule kuliko wimbo wowote. Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo unazaliwa kwenye waya na kwenda kwenye amplifaya. Ubaya wake ni kwamba haichagui mgeni. Chochote kinachotumia umeme wa ukutani na kutoa usumaku nacho kinapokelewa. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake uko karibu kabisa na noti ya Sol ya chini kwenye gitaa la besi. Baba Watoto alijitetea kwamba nyimbo za Sol hazitaharibika sana. Bendi yao ina nyimbo ngapi za Sol, hakusema.

Msako ukaanza. Mshukiwa wa kwanza akawa friji. Akalizima, akasahau kuliwasha, na asubuhi nikakuta kolekole wangu wa kilo tatu wamelainika na maziwa yameganda. Mvumo haukupungua hata chembe. Akazima feni, Februari, Dar es Salaam. Akazima taa zote tukala kwa mwanga wa simu. Akazima televisheni katikati ya tamthilia ya Kituruki, pale ambapo mama mkwe alikuwa amengoja tangu Jumatatu kuona kama yule binti atamtambua baba yake. Hapo nyumba ilikaribia kugawanyika. Mwisho akasema azime swichi kuu ili ajue moja. Mtoto wetu wa darasa la nne akamwambia, "Baba, si na hiyo yako itazima?"

Fundi umeme akaitwa, na yeye aligundua jambo lililonitisha zaidi ya mvumo. Soketi zetu zina tundu la ethi, lakini tundu lile halikuwa limeunganishwa na kitu. Mwenye nyumba aliweka matundu kwa ajili ya sura. Ndiyo maana friji lilikuwa linatutekenya vidole kila tukiligusa miguu mitupu. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na chuma cha amplifaya. Siku kitu kikiharibika ndani na ethi hakuna, mpiga gitaa ndiye anakuwa ethi. Fundi akagongelea fimbo ya shaba ardhini uani, kando ya shina la mchaichai, akaagiza pawe na unyevu muda wote, maana udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Tangu hapo maji ya kuoshea mboga yanamwagwa pale, na mchaichai umestawi ajabu.

Mkwaruzo uliokuwa ukitokea kila akiinua vidole kwenye nyuzi ukapungua sana. Mvumo ukabaki palepale.

Ndipo Baba Watoto alipotangaza kwamba dawa ni pikapu za koili mbili. Kwenye nadharia alikuwa sahihi. Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliomba hataza ya pikapu hiyo mwaka 1955: koili mbili zimefungwa kinyume, sumaku zake zimegeuziwa ncha, kiasi kwamba mvumo unaoingia kote kuwili unajifuta wenyewe na sauti ya nyuzi inajumlishwa. Kwenye utekelezaji ilimaanisha gitaa jingine zima, la mtumba, na gitaa hilo lilimaanisha mifuko thelathini ya saruji ya kiwanja chetu cha Kibaha. Niliarifiwa baada ya tendo.

Sikatai, mvumo ulikufa. Lakini na wimbo ukafa nao. Fundi wa Kariakoo alipoyapima magitaa yote mawili kwa mita, lile la zamani lilisoma omu kama 6,000, jipya likasoma kama 15,000: lilikuwa limefungwa waya mwingi makusudi, kwa watu wanaotaka sauti kali. Gitaa la namna hiyo linazifikisha vali mwisho wa uwezo wake mapema sana. Vali ikifika mwisho haikati sauti ghafla, inaikunja, inaipasua kwa utaratibu, na kuna vijana wa roki wa London walioyajengea maisha yao upasukaji huo. Dansi haiutaki. Kwenye dansi solo, solo la pili na rizimu wanasukana, na kila noti lazima isikike ikiwa na mipaka yake. Baba Watoto alipiga kipande cha rizimu, sauti nne zikatoka zimekumbatiana, na vikombe vya kabatini vikaitikia.

Mama mkwe ni mtu wa Morogoro. Usichana wake aliucheza na Morogoro Jazz, enzi za Mbaraka Mwinshehe, kabla hajaondoka kuunda Super Volcano mwaka 1973. Sikio lake halibembelezwi. Akasema, "Hilo siyo gitaa mwanangu, ni mashine ya kusaga."

Badala ya kupunguza, mwanaye akaongeza. Akachukua bisibisi akainua pikapu za magitaa yote mawili hadi karibu ziguse nyuzi, kwamba zikisogea zitasikia vizuri. Kwa lile la zamani likatokea jambo geni: uzi mnene ukiubana juu kabisa ya shingo, noti inatoka mbili, moja inayumba pembeni ya nyingine, ingawa gitaa limetyuniwa barabara. Sumaku ilikuwa inauvuta uzi na kuuzuia kutikisika kwa uhuru. Yeye akahitimisha kwamba gitaa limezeeka. Liuzwe.

Mnunuzi alikuja Jumamosi, kijana anayepigia kwaya ya vijana kanisani. Jumamosi ni siku yangu ya deki na sikuona sababu ya kuahirisha. Kijana amekaa kochini na gitaa la zamani mapajani, mvumo umejaa sebule, Baba Watoto anamwambia utazoea. Nikasukuma boksi chini ya kochi kwa mpini wa mopu ili nipitishe tambara. Likateleza hadi waya ulipogota. Mvumo ukashuka.

Wote watatu tukatazamana. Nikalirudisha kwa mguu. Mmmmm. Nikalivuta tena. Kimya, au karibu na kimya.

Kijana akainuka na gitaa, akageuka polepole akielekea dirishani, kisha mlangoni. Upande mmoja mvumo ulipanda, upande mwingine ukapotea kabisa, na aliposimama anatazama kabati la vyombo pakawa hapana kitu, gitaa tu. Pikapu ya koili moja ina upande wake wa upofu. Na transfoma ile tuliyoinunua ili kuiokoa amplifaya ndiyo iliyokuwa ikitema usumaku usiku na mchana, nusu mita kutoka kiti cha mpigaji, wakati sisi tunaadhibu friji.

"Kaka, hili nachukua," kijana akasema. Baba Watoto akalishika shingo. "Hili haliuzwi."

Palitokea mabishano, nikaingilia kati kwa maslahi ya Kibaha. Nikamwuliza kijana kanisani wanatumia amplifaya gani. Ya transista, akasema, na kipedali cha kupasulia sauti, na jukwaa lao limejaa taa na nyaya hadi gitaa lake linalia lenyewe. Nikamwekea lile la koili mbili mapajani. Likamkaa. Lilikuwa limefungwa kwa ajili ya maisha ya namna yake, siyo ya kwetu. Alilipa pungufu kidogo ya bei tuliyonunulia. Mifuko mitano ya saruji ilipotea hewani na nimeiandika kwenye daftari.

Lililobaki lilikuwa kazi ya bisibisi. Tuliazima rula kwenye mkebe wa hisabati wa mtoto, tukashusha pikapu hadi zikaachana na nyuzi milimita mbili na ushee, na tatu upande wa nyuzi nene. Noti mbili zikawa moja. Amplifaya ina matundu mawili ya kuingizia gitaa, na la pili hupokea sauti ikiwa imepunguzwa. Muda wote hakuwahi kulijaribu kwa sababu limeandikwa 2. Nilimkumbusha kwamba Leo Fender mwenyewe alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na hakujua kupiga gitaa, kwa hiyo asinidharau. Akasema hakunidharau. Mama mkwe akaomba kipande kimoja cha zamani, akakisikiliza hadi mwisho mchele ukiwa mapajani, akasema, "Ehee. Sasa kila mtu anasema kwa zamu yake."

Ikabaki transfoma. Mahali pa mbali zaidi ambapo waya ungefika bila kukatiza njia ya jikoni ni ng'ambo ya ukuta, chumbani kwa mama mkwe. Baba Watoto alikwenda kuomba mwenyewe, akachuchumaa mlangoni. Mama alikubali bila kinyongo, kwa sharti kwamba swichi iwe upande wake wa kitanda.

Tamthilia inaanza saa mbili na nusu. Saa mbili na dakika ishirini na tisa umeme wa solo la pili unakatwa kutoka chumbani, hata wimbo uwe umefika wapi. Juzi alikuwa ndiyo kwanza anaingia sehemu ya kuchezea. "Mama, dakika mbili tu!" Mlango ukafunguka, mama akapita na stuli yake hadi mbele ya televisheni. "Nenda kaoshe miguu, mwanangu," akasema. "Ukirudi itakuwa bado haijapata moto."